Kwa Nini Midomo Yangu Ilikufa Ganzi?

Mwezi huu naiweka kando ile mada ya chakula cha watoto niliyowaahidi. Mtaisoma mwezi ujao Mungu akipenda. Sababu ni barua moja iliyonifikia kutoka Ujiji. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikaona si vyema kuijibu faraghani, kwa maana jambo lenyewe linawagusa wengi.

Mama aliyeiandika ameomba jina lake lisitajwe. Yeye alimsindikiza mdogo wake India kwa matibabu ya saratani ya damu. Wiki ya tatu ya dawa, fizi za mgonjwa zikaanza kuvuja damu, na puani vivyo hivyo. Daktari akamwita dada mtu, akampima, kisha akamwambia kwamba yeye ndiye atakayemtolea mdogo wake chembe za kugandisha damu. Akalazwa kwenye kiti kirefu, akachomwa sindano, akaunganishwa na mashine iliyozunguka na kunguruma kwa muda wa saa moja na nusu. Hebu tumsikilize mwenyewe:

"Haukupita muda midomo yangu ikaanza kufa ganzi. Kisha ncha za vidole zikawa kama zinachomwachomwa na sindano ndogo ndogo. Nikahisi kifua kinatetemeka ndani kwa ndani, na baridi ikanishika mpaka meno yakagongana, huku nje jua linawaka. Lugha yao sikuijua. Nilisema moyoni, tayari nimetiwa sumu. Nikafumba macho nikawaombea wanangu niliowaacha Ujiji."

Mdogo wake alirudi nyumbani, akakaa nao miezi saba, kisha Bwana akamwita. Sasa umoja wa kina mama kanisani kwao umepanga siku ya kwenda kuchangia damu Hospitali ya Maweni, na mama huyu ndiye mweka hazina wa umoja. Anaogopa, na anaona haya kusema kwamba anaogopa. Anauliza: kule nilifanywa nini? Na ile damu yangu ilikwenda wapi, ikiwa mdogo wangu alikufa hata hivyo?

Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Pole sana kwa msiba. Hukutiwa sumu. Na kila ulichokihisi pale kitini kina sababu yake.

Wewe ni mtu wa Kigoma, basi mawese unayajua. Ukiyatia kwenye chupa ukayaacha yatulie usiku wa baridi, asubuhi unakuta yaliyoganda yamelala chini, na yaliyo mepesi yako juu. Damu nayo ina tabia kama hiyo. Ukiizuia isigande ukaiacha itulie, chembe nyekundu huzama chini. Juu hubaki maji ya manjano. Katikati ya hayo mawili kuna utando mwembamba, mweupe kidogo, ambao mtu asiyejua hawezi hata kuuona. Humo ndimo zilimo chembe zinazoitwa chembe sahani, kwa sababu ya umbo lake la bapa. Ni ndogo kuliko chembe nyekundu, lakini bila hizo hakuna mwanamke ambaye angejikata kisu jikoni akapona.

Kazi ya chembe hizi ni kuziba. Mshipa wa damu ukipasuka, hukimbilia pale palipopasuka, zikashikamana, zikawa kama kalafati ambayo fundi huishindilia kwenye mwanya wa mtumbwi wa mbao ili maji yasiingie. Kila siku mishipa yetu midogo hupasuka hapa na pale bila sisi kujua, nazo huziba bila kutupigia kelele. Maisha yake ni mafupi, siku nane hadi kumi tu, kisha mwili hutengeneza nyingine ndani ya uboho, ile nyama laini iliyomo katikati ya mfupa.

Sasa saratani ya damu huanzia humo humo kwenye uboho, na dawa kali za kuiua saratani huua pia kiwanda cha hizi chembe. Zilizopo zikiisha hakuna za kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana mdogo wako alivuja fizi bila kupigwa wala kuanguka. Namkumbuka yule mama wa Injili aliyetokwa na damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga. Kila nikiona damu isiyokatika namkumbuka yeye.

Labda umejiuliza kwa nini hospitali kubwa kama ile haikuwa na akiba ya kutosha ikabidi uitwe wewe. Damu yenye chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu wiki tano, na zaidi ikitiwa dawa fulani. Chembe sahani hazitaki jokofu. Huwekwa kwenye joto la kawaida la chumba, nyuzi 20 hadi 24, juu ya kitanda kinachotikisika usiku na mchana, na kwa kawaida zikifika siku ya tano hazitumiki tena. Fikiri mwenyewe: kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Ukiweka siku ya kupima na siku za njiani, zinabaki siku ngapi za kumtibu mgonjwa? Kwa hiyo akiba ya chembe hizi ni watu walio hai, wanaotembea na kula ugali. Siku ile akiba ilikuwa wewe.

Tuje kwenye midomo yako. Ile mashine huvuta damu kidogo kidogo, huizungusha kwa kasi mpaka ijitenge kama yale mawese, huchukua chembe sahani pamoja na sehemu ya maji ya manjano, kisha zilizobaki, hasa chembe nyekundu, hukurudishia mwilini. Huvuta tena na kurudisha tena, mara nyingi. Lakini damu ikishatoka mwilini hutaka kuganda, na ikiganda ndani ya mipira kazi yote imeharibika. Ili kuzuia hilo huchanganywa na kitu kiitwacho sitreti, ambacho ni jamaa ya ile asidi iliyomo kwenye ndimu na limau. Sitreti hukamata madini ya kalsiamu yaliyomo katika damu, na damu isiyo na kalsiamu iliyo huru haiwezi kuganda.

Damu inaporudishwa mwilini, sehemu ya ile sitreti hurudi nayo. Ikifika huko huendelea na kazi yake ya kukamata kalsiamu. Mishipa ya fahamu hutegemea kalsiamu ili itulie. Ikipungua hata kidogo, mishipa hiyo huanza kuchezacheza na kupeleka habari ambazo hazipo. Wengi huanza kuhisi kuzunguka mdomo na kwenye ncha za vidole, kama wewe. Wengine huhisi mtetemo kifuani, na wengine hupata ladha ya chuma mdomoni. Yote uliyoyaeleza ni hayo, nami nilipoisoma barua yako nilicheka kidogo kwa furaha, unisamehe, kwa sababu ulieleza vizuri kuliko wanafunzi wengi wa uuguzi.

Na baridi je? Damu yako ilipita kwenye mipira mirefu na kwenye mashine, ikapoa njiani, kisha ikarudi mwilini. Mtu aliyetiwa damu iliyopoa kwa saa moja na nusu lazima atetemeke. Blanketi moja lingetosha.

Umesema una kilo 52. Mtu mwenye mwili mdogo ana damu chache, basi kiasi kile kile cha sitreti humkolea zaidi kuliko jitu la kilo 90. Ndiyo maana wanawake husumbuliwa na ganzi hii kuliko wanaume. Ini na viungo vingine huivunjavunja sitreti kwa haraka, na mashine ikisimama kalsiamu hurudi mahali pake bila kukawia. Wewe mwenyewe umeandika kwamba ulipofika kitandani kwa mgonjwa midomo ilikuwa imepona, lakini jambo hilo umelitaja kwa mstari mmoja tu, kana kwamba halina uzito.

Kilichokutesa zaidi ni kunyamaza. Mchangiaji akisema "midomo inakufa ganzi", muuguzi hupunguza kasi ya mashine, humpa vidonge vya kalsiamu atafune au maziwa anywe, na mambo hutulia. Asiposema, kalsiamu ikazidi kushuka, vidole vinaweza kukakamaa, na hapo si jambo la kuvumilia. Sisi wanawake tumefundishwa kuvumilia maumivu tangu tukiwa wasichana. Kwenye sindano ya damu uvumilivu huo hautakiwi. Hata kama hujui lugha, onyesha mdomo kwa kidole.

Swali lako la pili ni gumu, nami silijibu kwa haraka. Chembe ulizotoa siku ile zilikuwa nyingi kama zile zinazopatikana kwenye mifuko minne hadi sita ya damu ya kawaida. Zikiingia kwa mgonjwa hukaa siku chache tu, tatu au nne, pengine pungufu kwa mtu mwenye homa. Baada ya hapo zinakwisha. Hazikuwa dawa ya saratani, wala hakuna aliyekuahidi hivyo. Zilikuwa za kuizuia damu isimwagike kwenye ubongo au tumboni wakati dawa nyingine inajaribu kazi yake. Umeandika kwamba siku mbili baada ya wewe kutoa, mdogo wako aliweza kupiga mswaki na mate yakatoka meupe, akakuomba umsuke. Zilikwenda hapo, mwanangu. Baadaye alipata miezi saba nyumbani, akawaona watoto wake, na jirani zenu Waislamu kwa Wakristo wakaja kukaa naye barazani. Siwezi kukuambia kwamba miezi hiyo yote ilitokana na mkono wako. Naweza kukuambia kwamba mtu anayevuja vile asipopata chembe hizo mara nyingi hafiki uwanja wa ndege.

Sasa Maweni. Hapo hakuna mashine ya kukurudishia damu. Utalala, utachomwa sindano moja, na damu itashuka kwenye mfuko wenye mililita 450, yaani haifiki nusu lita. Humo ndani ya mfuko sitreti imo pia, lakini inabaki mfukoni na damu yako. Haikurudii. Kwa hiyo ile ganzi ya midomo na kile kitetemeshi cha baridi visikutishe. Kazi yote huchukua kama dakika kumi.

Utahisi mengine. Utahisi mkanda unabana mkono, na sindano inachoma kwa sekunde chache, kwa maana ni nene kuliko ya kupimia malaria. Unene huo una sababu: chembe zikipita kwenye tundu jembamba hupasuka. Pengine mkono utakuwa mzito kidogo. Baadaye damu inaweza kuvilia chini ya ngozi pakawa peusi kwa siku kadhaa, hasa ukikimbilia kubeba ndoo ya maji kwa mkono ule ule. Mwachie ndoo kijana wako siku hiyo.

La kuangalia zaidi ni kizunguzungu. Hili nalijua kwa mwili wangu. Mara ya kwanza kuchangia nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nikaenda bila kula kwa sababu nilichelewa kuamka, na nilipomaliza nikaruka kutoka kitandani ili nionekane shujaa. Nilizinduka niko sakafuni, wenzangu wananipepea kwa daftari. Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Mtu akiwa na hofu, au njaa, au joto, kuna mshipa mrefu wa fahamu ushukao kutoka kichwani ambao huuambia moyo upunguze mwendo, na mishipa ya damu ya miguuni hulegea. Damu hutuama chini kama maji ya mvua bondeni, kichwa kikakosa ya kwake. Jasho la baridi, miayo, kichefuchefu na masikio kuvuma ni dalili za mapema. Ukizihisi, sema. Watakulaza na kukuinua miguu, na damu itarudi kichwani kwa njia yake. Kukaza misuli ya mapaja na kuiachia, mara kwa mara, husaidia pia.

Kina mama wengi huogopa kwamba damu haitarudi. Mwanamke wa kilo 60 ana kama lita nne za damu. Yale maji ya manjano hurudi kwa siku moja au mbili ukinywa vizuri. Chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa. Madini ya chuma ndiyo huchelewa, nasi tunayapoteza kila mwezi, na kila mtoto tunayembeba huchota yake. Ndiyo sababu hapa Tanzania mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Mwenye mimba na anayenyonyesha hawachangii. Chini ya kilo 50 hawachangii. Watakuchoma kidole kwanza waone kama damu yako inatosha, na wakikuambia haitoshi usione umefukuzwa. Umepimwa bure ukajua la kufanya.

La kufanya ni jikoni. Maharage, mchicha, matembele, nyama ukiipata, na dagaa wetu. Dagaa wa ziwa hili huliwa mzima na mifupa yake, na mfupa ndio ghala la kalsiamu, ile ile uliyonyang'anywa na mashine. Chai ya rangi inywe mbali na mlo, kwa sababu huzuia chuma kisiingie mwilini. Na hapa niseme juu ya ndimu, maana najua kuna atakayesoma habari ya sitreti akasema, si tuliambiwa ndimu hukata damu? Hapana. Ndimu unayokula huvunjwavunjwa mwilini kabla haijafanya lolote kwa kalsiamu yako. Ukiikamulia juu ya mchicha husaidia chuma kuingia vizuri zaidi. Msiwanyime wasichana wenu ndimu. Aspirini je? Hiyo kweli hulemaza chembe sahani kwa maisha yao yote, kwa hiyo anayetaka kuchangia kwenye mashine hukatazwa kuimeza siku chache kabla.

Nimeeleza marefu, lakini bado sijasema kwa nini umoja wenu umechagua damu, badala ya sabuni na sukari tunazozoea kupeleka wodini. Mimba ikikomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Mtoto akishatoka, mji usipokaza, hesabu mwenyewe ni dakika ngapi. Usiku mmoja, katika hospitali ambayo siitaji, tulikuwa na mzazi wa namna hiyo, na jokofu la damu lilikuwa tupu. Mume alikimbia mjini kutafuta ndugu. Shangazi wawili walisema wana presha, kaka mmoja akasema anarudi sasa hivi na hakurudi. Aliyekunja mkono wa gauni ni wifi yake, ambaye kila mtu pale alijua kwamba hawasemezani tangu harusi. Lakini damu ya wifi ilibidi ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende, kisha ilinganishwe na ya mgonjwa, na dakika zile hazikuwa zetu. Mzazi yule alipona kwa neema. Wengine niliowaona hawakupona, nao walikuwa na ndugu waliokuwa tayari, wamepanga foleni mlangoni. Damu inayookoa mzazi ni ile iliyokwisha kupimwa, iliyoko kwenye jokofu kabla uchungu haujaanza.

Mkoa wenu una historia katika jambo hili. Daktari Godfrey Mbaruku alifanya kazi katika hospitali ya mkoa ya Kigoma miaka ya 1980, akaandika pamoja na Staffan Bergström wa Sweden makala iliyochapishwa mwaka 1995. Ilionyesha kwamba kati ya 1984 na 1991 vifo vya uzazi hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000, na sehemu kubwa kwa kutumia vizuri vitu na watu waliokuwapo pale pale. Mwaka 2004 Mpango wa Taifa wa Damu Salama ukaanza, na kanda ya magharibi ikawa na kituo chake Tabora. Lakini mfuko hauwezi kujijaza wenyewe.

Basi siku hiyo amka mapema, kunywa uji mzito, na kabla ya kulala kitandani kunywa vikombe viwili vya maji. Mwambie muuguzi yaliyokupata India, usione haya. Ukimaliza, keti hapo robo saa, unywe soda yako, usikimbilie kuhesabu michango ya umoja. Ukiwa katika siku zako na damu yako inatosha, hazikuzuii, ila mwenye kutoka nyingi na asubiri. Ukiwa na homa, usiende kabisa.

Pembeni mwa karatasi umeandika kwa herufi ndogo, kama mumeo anaweza kwenda badala yako. Akiwa na afya njema na umri wa miaka 18 hadi 65, aende. Lakini nendeni wawili. Yeye akilala, wewe shika mkoba na mtoto, kisha mbadilishane.